Mwenye Mashine ni Nani? Amana, Wakfu na Mfumo Endeshi wa Kompyuta

Swali la nani hasa anamiliki kitu ambacho mtu amekinunua kwa jasho lake lakini hawezi kukifungua, kukikagua wala kukiamuru ni swali la kale katika dini na falsafa, nalo limepata sura mpya tangu kompyuta na simu zilipoingia katika maisha ya kila siku ya watu wa Afrika Mashariki. Wanaoliuliza kwa msisitizo zaidi ni wapenzi wakongwe wa kompyuta, yaani watu ambao hawakuajiriwa kuzihandisi wala hawazifanyii biashara, bali walianza kuzichezea kwa mapenzi tu tangu enzi za diski laini na skrini nyeusi zenye maandishi meupe, na ambao hadi leo hawaridhiki kutumia mashine bila kujua kinachotendeka ndani yake. Wengi huyachukulia maoni yao kuwa ubishi wa mashabiki. Makala haya yanashikilia kwamba ndani ya ubishi huo mna hoja nzito ya kimaadili, kwamba hoja hiyo huelezeka vyema kwa mafundisho ya amana na wakfu kuliko kwa madai ya uhuru wa mtu binafsi ambayo wakongwe hao hupenda kuyatanguliza, na kwamba wadi ya Marungu, katika eneobunge la Voi, kaunti ya Taita Taveta, ni mahali panapofaa kabisa kuipimia.

Mfumo endeshi ni ile programu kuu ambayo huamka kwanza mashine inapowashwa, ikagawa kumbukumbu, ikaamua ni programu ipi ifanye kazi na ipi ingoje, ikalinda faili na kupokea kila amri itokayo kwenye kibodi au kidoleni. Programu nyingine zote, iwe ya kuandikia barua au ya kutuma pesa, huomba ruhusa kwake, na kwa sababu hiyo mwenye kuutawala mfumo endeshi ndiye mwenye kuitawala mashine, hata kama risiti ya dukani imeandikwa jina la mtu mwingine. Mwaka 1969, katika maabara ya Bell nchini Marekani, Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kuunda mfumo wa Unix, ambao mawazo yake ya kugawa kazi kubwa katika vyombo vidogo vinavyoeleweka yangali yanatawala fikra za wakongwe. Mwaka 1983 Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU kwa nia ya kuandika mfumo kamili ambao kila mtu angeruhusiwa kuusoma na kuubadilisha, na mwaka 1991 Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, akatoa kiini cha Linux, kiini kikiwa ni ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo inayozungumza na vyuma vyenyewe. Kwa upande mwingine ikasimama Windows ya kampuni ya Microsoft, ambayo msimbo wake, yaani maandishi ambayo waandaaji wake waliyaandika kuielekeza mashine, haukuwekwa wazi kwa mnunuzi.

Je, maoni ya mtu aliyezeeka na mashine hizi yanastahili kuitwa falsafa? Henry Odera Oruka, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi ambaye kazi yake juu ya falsafa ya wahenga ilichapishwa kitabuni mwaka 1990, aliacha kipimo kinachofaa. Alitofautisha mhenga anayeijua vizuri hekima ya jamii yake na kuirudia bila kuihoji, na mhenga anayeipima hekima hiyo kwa akili yake mwenyewe, akaikubali kwa sababu au akaikataa kwa sababu. Kipimo hicho hakijali kama mtu amesoma chuoni au la. Mkongwe anayesema kwamba Linux ni bora kwa kuwa wenzake wote husema hivyo yuko katika kundi la kwanza, ilhali yule anayeuliza ni wajibu gani anao mtengenezaji kwa mtumiaji, na mtumiaji kwa jirani yake, amevuka mpaka na kuingia katika maadili, nayo ndiyo maoni yanayofaa kujadiliwa hapa.

Marungu ni nchi kavu ya vichaka na ranchi, chini ya vilima, ambamo mji wake mkubwa, Maungu, umejipanga kando ya barabara kuu ya Mombasa na Nairobi. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kupitia nyika ya Taru iliufahamu mlima wa Maungu kwa maji yake, kwa sababu kati ya Taru na hapo hapakuwa na uhakika wa kinywaji. Leo msafiri hupata humo soda baridi, fundi wa magurudumu, wakala wa pesa na saiba, na katika saiba ndimo suala la mfumo endeshi linapogusa maisha ya watu bila wao kulitaja. Mwananchi huingia humo kujaza ritani za kodi kabla ya tarehe 30 Juni, mzazi humwombea mwanawe mkopo wa elimu ya juu, kijana huchapisha barua ya kuomba kazi, na huduma za serikali zilizohamishiwa mtandaoni humfikia mtu kupitia mashine ambayo, mara nyingi, ilikwisha kutumika ofisini ughaibuni kabla ya kuuzwa huku kama mtumba. Ukifungua kasha la mashine ya namna hiyo utakuta vumbi jekundu la Tsavo limeganda kwenye feni na kati ya mapezi ya chuma kinachopoza prosesa, na fundi hulitoa kwa brashi ya rangi kuukuu na pumzi ya kinywa chake, kisha mashine ikawaka tena kana kwamba haikuwa na hitilafu.

Mashine hiyo ikishafutwa vumbi inaweza kuendelea kufanya kazi kwa miaka kadhaa, lakini tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha utoaji wa kawaida wa masasisho ya usalama kwa Windows 10, na mfumo uliofuata, Windows 11, huhitaji prosesa za karibuni pamoja na kijenzi cha usalama kiitwacho TPM 2.0, ambacho mashine nyingi za mtumba hazina. Sasisho la usalama ni kipande cha programu kinachoziba ufa uliogunduliwa baada ya mfumo kuuzwa. Hapo ndipo mkongwe hupandisha sauti na kusema kwamba chombo kilichokuwa kizima tarehe 13 hakiwezi kuwa kimekufa tarehe 15, kwa maana hakuna kilichovunjika ndani yake, na kwamba kifo chake kimetangazwa na mtu aliye mbali ambaye hajawahi kukiona.

Hoja hiyo ina nguvu, ingawa haikukamilika. Hatari ya mfumo usiozibwa nyufa ni ya kweli, na ilionekana wazi Mei 2017 wakati programu haribifu ya WannaCry ilipozifunga faili za kompyuta katika nchi nyingi, zikiwamo za hospitali za Uingereza, kwa kupenya katika ufa wa Windows ambao watumiaji wengi hawakuwa wameuziba. Wala haiwezekani kuidai kampuni yoyote ifanye kazi bila kikomo juu ya kitu ilichokiuza mara moja. Lakini pana jambo la tatu ambalo halitajwi vya kutosha, nalo ni kwamba anayesema hataendelea kuutunza mfumo huku akiendelea kuficha msimbo wake anawazuia na wengine wasiutunze. Kuacha kazi ni haki yake. Kuacha kazi na kuondoka na ufunguo ni tendo jingine, na katika maadili ya dini zote mbili zinazofuatwa zaidi katika nchi hii, matendo hayo mawili hayahukumiwi sawa.

Amana, katika mafundisho ya Uislamu, ni kitu au jukumu ambalo mtu amekabidhiwa na ataulizwa juu yake, na ulinzi wake hauishii katika kutokiiba, kwa kuwa hujumuisha pia kukirejesha katika hali ya kufaa. Wakristo, ambao wamekuwapo katika vilima vya karibu tangu wamisionari wa Kianglikana wa shirika la CMS walipofungua kituo Sagalla mwaka 1883, hufundishwa jambo la jirani na hilo kwa jina la uwakili, kwamba mali yote ni ya Mungu na mwanadamu ni mtunzaji atakayetoa hesabu. Mafundisho haya hukataa wazo kwamba mwenye kitu anaweza kukifanya apendavyo kwa sababu tu sheria ya nchi imemwandikia jina lake. Kwa kipimo hicho, mtengenezaji wa mfumo ambao serikali, shule na hospitali zimeuegemea ameshika amana ya watu, apende asipende, na mkataba unaosema kwamba mtumiaji amepewa leseni tu na hakuuziwa programu haufuti jukumu hilo, bali hulithibitisha, maana aliyekataa kuuza amekiri kwamba kitu kingali mikononi mwake.

Wapo wanaojibu kwamba tatizo lenyewe halipo, kwa kuwa katika miji ya Kenya Windows iliyovunjwa kufuli hupatikana kwa bei ya kuiweka tu. Jibu hilo halitoshi hata kidogo. Amri ya kutoiba haikuweka ubaguzi kwa matajiri, na upande wa Kiislamu, Baraza la Kimataifa la Fiqhi katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988 lilitambua kwamba haki za utunzi na uvumbuzi zinalindwa kisheria na haijuzu kuzikiuka. Zaidi ya hapo, nakala iliyovunjwa humwacha mtu katika utegemezi uleule, tena mahali pabaya zaidi, kwa sababu sasa anamtegemea mtengenezaji asiyemtambua na mvunja kufuli asiyemjua. Anayeitetea nakala ya wizi kama ukombozi wa maskini anamtakia maskini mfumo usio wake na dhambi iliyo yake.

Njia iliyo bora ilikwisha kufunguliwa na leseni ya programu huria, na hapa ndipo fikra za pwani ya Waswahili zinaweza kuuongezea mjadala huu kitu ambacho wakongwe wa Marekani na Ulaya hawakukiona. Leseni ya GPL, iliyotolewa kwanza mwaka 1989 na ambayo Torvalds aliichagua kwa ajili ya Linux mwaka 1992, humpa kila apokeaye programu haki ya kuiendesha kwa kazi yoyote, kuisoma na kuibadilisha, kugawa nakala zake, na kugawa nakala alizozibadilisha, kwa sharti moja zito, kwamba anayezigawa awape wapokeaji haki zilezile pamoja na msimbo. Mwanasheria wa Kizungu huuona mpango huu kuwa matumizi ya ajabu ya hakimiliki. Msomi wa fiqhi wa Mombasa angeutambua mara moja, kwa sababu wakfu, kama unavyoendeshwa pwani kwa vizazi vingi na kusimamiwa nchini Kenya na Tume ya Wakfu, hufanya hivyohivyo: mwenye mali huisimamisha asili yake isiuzwe, isitolewe zawadi na isirithiwe, kisha manufaa yake hutiririka kwa waliokusudiwa, na masharti ya mwekaji huwafunga wote wajao baada yake, wakiwamo wanawe.

Inaweza kupingwa kwamba wakfu ni wa ardhi, visima na misikiti, wala si wa kitu kisichoshikika. Pingamizi hilo limewahi kusikika katika sura nyingine. Katika karne ya 16, ndani ya dola ya Uthmani, mufti Ebussuud Efendi aliutetea wakfu wa fedha taslimu huku mwanachuoni Birgivi akiupinga, na hoja kubwa ya wapinzani ilikuwa kwamba fedha hazidumu kama ardhi idumuvyo. Madhehebu ya Shafii, ambayo hufuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Kenya, hukubali wakfu wa vitu vinavyohamishika maadamu vinabaki na kunufaisha, kama vile misahafu na vitabu. Kwa mujibu wa kipimo hicho cha kudumu, programu ina sifa ambayo hata kitabu hakina, kwa sababu kitabu huchakaa kwa kusomwa, ilhali msimbo ukinakiliwa mara elfu haupungui herufi moja. Kinachoweza kuuua ni kukosa mtu wa kuutunza, yaani kukosa yule msimamizi ambaye wanafiqhi walimhimiza kila mwekaji wakfu amteue.

Wakongwe wengi hufurahia ushindi wakisema kwamba Linux sasa imo mfukoni mwa kila mtu, kwa maana Android, mfumo wa simu nyingi za Kenya, umejengwa juu ya kiini chake. Ushindi huo unahitaji kuangaliwa upya. Mwaka 2020 Safaricom kwa kushirikiana na Google ilianzisha mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, ambapo mteja alichukua simu na kuilipia kuanzia shilingi 20 kwa siku, na mipango ya namna hiyo hutegemea uwezo wa kuifunga simu kutoka mbali mwenyewe asipolipa. Mtu asiyekuwa na elfu kadhaa kwa mkupuo amepata simu kwa njia hiyo, na faida yake si ya kubezwa. Hata hivyo mwendesha bodaboda wa Maungu aliyekosa abiria siku mbili anaweza kujikuta ameshika mkononi kioo kisichompigia mteja ambaye angemlipa, na chini ya kufuli hilo kuna kiini kilekile kilichotolewa wakfu kwa walimwengu wote. Mtengenezaji wa simu aliyefikiwa na uhuru wa msimbo ndiye aliyeamua uishie kwake. Masharti ya mwekaji yalitimizwa kwa herufi, manufaa hayakuwafikia waliokusudiwa, na jambo la namna hiyo limewahi kuonekana katika wakfu nyingi za ardhi pia.

Watu wa kaunti hii hawahitaji kufundishwa maana ya manufaa yanayopita mlangoni bila kuingia. Maji ya chemchemi za Mzima, zilizo ndani ya mipaka ya Taita Taveta, yamekuwa yakipelekwa Mombasa kwa bomba tangu miaka ya 1950, na malalamiko ya wenyeji ambao bomba linapita kwao huku wakichota maji kwa mitungi yamesikika kwa vizazi. Vivyo hivyo ranchi za ukanda wa Kasigau, ambamo Marungu imo, zina wenyeji wenye hisa na vyeti, na tangu miaka ya 2010 misitu yake imeingizwa katika biashara ya kaboni ambayo hesabu zake hufanywa kwa fomula na picha za setilaiti. Iwapo mwenye hisa hawezi kuisoma hesabu ambayo kwayo analipwa, umiliki wake umepungukiwa na kitu cha msingi, hata kama kila anayeifanya hesabu hiyo ni mwaminifu.

Hapa ndipo maoni ya mkongwe yanapopaswa kusahihishwa. Yeye huamini kwamba mtu huru ni yule anayeweza kukaa peke yake usiku, akasoma msimbo wa mashine yake na kuurekebisha, na kwa hiyo humshauri kila mtu ajifunze Linux kisha humlaumu asiyejifunza. Mama mwenye duka la nafaka, mwenye watoto na ng'ombe na ndovu wanaokuja shambani usiku, hataisoma hata mistari kumi ya msimbo, wala hapaswi kulaumiwa, kwa kuwa hakuna jamii yoyote ambamo kila mtu alikuwa fundi wa kila kitu. Anachohitaji ni kuwapo kwa mtu mmoja katika kituo chake cha biashara ambaye anajua, anaruhusiwa na leseni kutengeneza, na haoni haya kufundisha. Uhuru wa programu, ukiangaliwa kutoka Marungu, ni mali ya jamii kabla haujawa sifa ya mtu, na Katiba ya Kenya ya 2010, iliyoigawa ardhi katika ya umma, ya jamii na ya binafsi, imekwisha kuonyesha kwamba nchi hii inaweza kuupa umiliki wa pamoja jina na ulinzi. Ardhi ya jamii isiyo na kamati hai humegwa. Programu huria isiyo na mafundi hai hubaki kuwa haki ya kwenye karatasi.

Yapo mambo yaliyokwisha kufanyika katika ukanda huu yanayothibitisha kwamba hili si ndoto. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokuwa na makao yake Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia hesabu yenye menyu za Kiswahili, na waliofanya kazi hiyo hawakuhitaji kuomba idhini ya kampuni yoyote, kwa sababu leseni ilikuwa imekwisha kuwaruhusu. Thamani ya mfano huo haitegemei ni watu wangapi waliitumia programu ile. Inatosha kwamba mzungumzaji wa Kiswahili aliweza kugusa kitu kilichotengenezwa mbali, akakibadilisha kwa ajili ya wenzake, na tendo lake likawa halali mbele ya sheria na mbele ya Mungu.

Mkongwe wa kompyuta, basi, ana deni. Elimu aliyoipata kwa kuchezea mashine miaka mingi ni amana kama ilivyo mali, na kuikalia huku akiwacheka wasiojua ni kuikhini. Vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya serikali za kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, kwa hiyo Taita Taveta haina haja ya kungoja amri ya Nairobi ili vijana wa Marungu, Sagalla na Kasigau wafundishwe kuweka Linux katika kompyuta za mtumba zilizoachwa na Windows 10, kuzitunza, na kuzisambaza mashuleni, nacho Chuo Kikuu cha Taita Taveta kinaweza kuwapa walimu. Misikiti na makanisa, ambayo tayari hukusanya sadaka kwa ajili ya visima na madarasa, na yahesabu pia fundi mmoja na chumba kimoja chenye mashine kumi kuwa mahali halali pa kuweka sadaka hiyo, na kazi hiyo ianze na zile mashine ambazo sasa hivi zimerundikwa katika stoo za shule zikidhaniwa kuwa zimekufa.